KINENGENENGE WA TUALA: NAMNA YA KUMTAMBUA NDEGE MDOGO MWENYE PETE NYEUPE JICHONI

Ng'ambo ya Mto Mbagathi, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, upo mji mdogo uitwao Tuala, katika Kaunti ya Kajiado. Nchi ya huko tangu zamani ni nchi ya nyasi na migunga, malisho ya ng'ombe wa Wamasai na ya wanyama wa porini. Siku hizi imekuwa pia nchi ya ploti, nyumba mpya na bustani za mboga. Katika migunga hiyo, na katika nyua na bustani hizo, hukaa ndege mmoja mdogo ambaye watu wengi humwona karibu kila siku wala hawamjui. Mmoja humwita kwera, mwingine humwita chiriku, na wa tatu husema tu kwamba ni "ndege wa manjano". Jina lake ni kinengenenge.

Huenda msomaji akauliza: Je, kuna faida gani kumjua ndege mdogo kama huyo, asiyeliwa wala asiyefugwa? Faida ipo, tena kubwa. Mkulima asiyeweza kumpambanua rafiki na adui katika shamba lake huwapiga wote pamoja, na kazi aliyokuwa akiifanya rafiki yule bure humbidi ailipie kwa fedha za kununulia dawa. Katika somo hili zitaelezwa dalili za kinengenenge moja baada ya moja, kisha kazi yake, kisha mambo yanayomfaa na yanayomdhuru.

UMBO NA RANGI YAKE

Kinengenenge ni mdogo kuliko shomoro. Urefu wake tangu ncha ya mdomo hata ncha ya mkia ni sentimita 11 hivi, na uzito wake hukaribia gramu 10. Yaani yapata vinengenenge mia moja ndio watakaotimiza kilo moja katika mizani. Mgongo wake ni wa kijani kilichochanganyika na manjano, kama jani changa lililopigwa na jua. Koo, kifua na tumbo ni manjano. Mabawa na mkia yana weusi kidogo. Mdomo ni mweusi, mwembamba, wenye ncha kali, nao umepinda kidogo sana. Miguu ni ya kijivu. Dume na jike wamefanana, hata mtu hawezi kuwatenga kwa kuwatazama tu.

Lakini dalili iliyo kuu ni jicho. Kulizunguka jicho lake iko pete ya vinyoya vidogo vyeupe, myembamba na safi, kana kwamba imechorwa kwa chaki. Kati ya jicho na mdomo upo mstari mfupi wa rangi nyeusi, na weusi huo ndio unaoifanya pete ionekane nyeupe zaidi. Wataalamu waliompa jina la ukoo wake, Zosterops, walilitoa katika lugha ya Kiyunani, na maana yake ni "mshipi wa jicho". Wajerumani humwita ndege wa miwani, na Wajapani huwaita jamaa zake wa huko "macho meupe". Mataifa hayo hayakushauriana, lakini kila moja lilianza kwa kulitazama jicho. Wahenga walisema: Mwenye macho haambiwi tazama. Hata hivyo kwa ndege huyu inafaa kuambiwa mahali pa kutazama.

Msomaji akumbuke neno moja. Makinda yanapotoka kiotoni huwa bado hayana pete hiyo, au huwa nayo hafifu. Basi akiona kundi ambalo mmoja au wawili hawana pete, asidhani kuwa ni ndege wa kabila jingine. Aangalie kama wakubwa wanawalisha.

MAISHA YAO YA PAMOJA

Dalili ya pili ni tabia yao. Kinengenenge hapendi upweke. Isipokuwa wakati wa kujenga na kulea, wao hutembea makundi makundi, watano, kumi, hata ishirini na zaidi. Kundi huingia katika mti mmoja, likaupekua jani kwa jani. Wengine wananing'inia kichwa chini, wengine wanachungulia nyuma ya maua. Baada ya dakika chache mmoja huruka kwenda mti wa pili, na wa pili humfuata, na wa tatu, mpaka mti wa kwanza ukabaki mtupu. Hawaendi wote kwa mara moja kama wingu, bali mmoja mmoja kama watu wanaovuka mto kwa mawe. Mtu akiisha kuuona mwendo huo mara moja, hatausahau.

Wanapopumzika hukaa tawi moja, ubavu kwa ubavu, wakichambuana manyoya ya shingoni na kichwani, mahali ambapo ndege hawezi kufika kwa mdomo wake mwenyewe. Mara nyingi huchanganyika na ndege wengine wadogo walao wadudu, kwa kuwa macho mengi humwona mwewe mapema. Wakimkuta bundi mdogo amekaa mtini mchana, humzunguka na kumpigia kelele mpaka ahame. Mmoja peke yake hangethubutu. Kundi zima huthubutu.

SAUTI YAKE

Mara nyingi vinengenenge husikika kabla hawajaonekana. Wakati wote wanapokula huitana kwa sauti nyembamba, ya kuvuta kidogo, yenye huzuni: "tsii, tsii, pii-yu". Sauti hiyo ndiyo kamba inayolifunga kundi. Aliyebaki nyuma huifuata, na aliyetangulia huitumia kuwaambia wenzake alipo. Alfajiri, hasa wakati wa mvua, dume huimba wimbo mrefu zaidi, wa sauti zile zile zilizounganishwa mbio mbio.

Basi utaratibu mzuri wa kumtafuta ni huu. Kwanza, simama na usikilize. Pili, ukiisha kuisikia sauti, usiukimbilie mti. Ngoja kundi lenyewe likufikie. Tatu, likifika, tazama jicho. Nne, tazama mdomo. Mwenye darubini na aitumie, lakini kwa kuwa vinengenenge si waoga sana, mtu mtulivu huweza kuiona pete kwa macho yake matupu akiwa hatua chache tu.

NDEGE WANAOFANANA NAYE

Katika nchi ya Tuala wapo ndege kadhaa wanaoweza kumdanganya mtazamaji. Hawa ndio wakuu wao:

1. Kwera. Huyu pia ana manjano, naye hupenda migunga, lakini ni mkubwa kuliko kinengenenge, na mdomo wake ni mnene, wa kuvunjia mbegu. Kwera husuka kiota cha majani chenye mlango, kinachoning'inia. Wala hana pete nyeupe jichoni.

2. Chiriku. Yeye ni mdogo, lakini mdomo wake ni mfupi na mnene, na mara nyingi hushuka chini kutafuta mbegu. Kinengenenge hushuka chini mara chache.

3. Chozi jike. Chozi dume hung'aa sana hata hawezi kukosewa, lakini jike amevaa rangi za kawaida, na baadhi yao wana manjano tumboni. Mtazame mdomo: wa chozi ni mrefu na umepinda kama mundu.

4. Ndege mgeni kutoka Ulaya na Asia ya kaskazini, ambaye hufika kati ya mwezi wa Oktoba na Aprili akikimbia baridi ya kwao. Ukubwa wake ni kama wa kinengenenge, na rangi yake ni kijani cha kufifia. Lakini badala ya pete ana mstari hafifu juu ya jicho, kama nyusi.

5. Ndege mdogo mwenye mkia mrefu, kichwa cha kijivu, kifua cha manjano na tumbo jeupe. Huyu huishi migungani pia, na kwa kawaida huwa na mwenzi wake tu. Kinengenenge hana mkia mrefu, na manjano yake hufika tumboni.

Yuko tena wa sita, ambaye hafanani naye sana, lakini kwa ajili yake vinengenenge huteswa. Huyo ni kwelea. Kwelea ana rangi ya kahawia yenye michirizi, na mdomo mnene ambao kwa kawaida ni mwekundu. Yeye hula nafaka, naye huja kwa makundi makubwa mno. Ndege mmoja huweza kula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku. Basi kwelea milioni moja humaliza tani 10 kwa siku moja. Mwezi wa Januari mwaka 2023 makundi yao yaliivamia mpunga katika Kaunti ya Kisumu, na Serikali ikalazimika kuwanyunyizia sumu mahali wanapolala. Wakulima wana haki ya kumchukia kwelea. Lakini sumu haichagui, wala jiwe la manati halichagui, na mtu aliyejifunza kusema kwamba ndege wote wadogo wanaokwenda kwa makundi ni waharibifu huwaua wasio na hatia. Tazama mdomo: mdomo mnene ni wa mla mbegu, mdomo mwembamba ni wa mla wadudu. Kanuni hiyo moja ingewaokoa ndege wengi.

KAZI YAKE SHAMBANI

Kinengenenge hula vitu vya namna tatu: wadudu, utomvu mtamu wa maua, na matunda laini. Katika wadudu hupenda hasa wale wadogo wenye miili laini, kama vile vidukari na viwavi vichanga. Kila mtu aliyepanda sukuma wiki au kunde anawajua vidukari, jinsi wanavyojaa chini ya jani wakalinyonya mpaka likajikunja. Hao ndio chakula cha kinengenenge, naye huwatoa mmoja mmoja kwa ule mdomo wake mwembamba. Mdudu mmoja si kitu, lakini kundi la ndege kumi wanaopekua kutwa nzima si jambo dogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Ncha ya ulimi wake ina nyuzi nyuzi kama brashi, na kwa ulimi huo hulamba utomvu wa maua. Anapofanya hivyo, chavua hushika katika manyoya ya uso wake, akaichukua hadi ua jingine. Na mbegu za matunda anayomeza huzitupa mbali na mti mama, zikaota.

Ni haki kusema pia lawama yake. Papai lililoiva na kupasuka, au tini laini, kinengenenge hulidonoa. Lakini mara nyingi hulikuta limekwisha kutobolewa na ndege wakubwa zaidi, kama shore na pasa, kwa maana mdomo wake hauna nguvu nyingi. Mwenye mpapai mmoja na achume matunda yake mapema kidogo, au ayafunike kwa gunia, na ndege amwachie bustani yake.

KIOTA NA WATOTO

Wakati wa mvua, wadudu wanapokuwa wengi, kundi hugawanyika wawili wawili. Kiota ni kikombe kidogo kilichofungwa katika panda ya kijitawi chembamba, kimesukwa kwa nyuzi za majani na kukazwa kwa utando wa buibui. Jike hutaga mayai mawili au matatu, meupe au ya samawati hafifu. Dume na jike hupokezana kuatamia, na mayai huanguliwa upesi sana, kwa muda wa siku 11 au 12 tu. Makinda nayo hukua upesi, yakaondoka kiotoni kabla ya majuma mawili kwisha. Basi mtu anayefyeka ua wake katikati ya mvua huweza kuharibu nyumba nzima bila kujua. Lau angengoja mwezi mmoja, wangalikuwa wamekwisha kuruka.

NDUGU ZAKE WA MILIMANI

Kinengenenge wa Tuala, ambaye wataalamu humwita Zosterops flavilateralis, ni ndege wa nchi kavu ya migunga. Lakini anao ndugu wengi. Katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya yuko kinengenenge mwenye pete pana sana, kama miwani kweli. Katika mlima Ol Doinyo Orok juu ya Namanga, ambao ni wa kaunti ile ile ya Kajiado, yuko mwingine. Katika milima ya Taita na Kasigau yuko wa tatu, mwenye tumbo la kijivu, asiyepatikana mahali pengine po pote duniani, naye amo hatarini kwa kuwa misitu yake imebaki vipande vipande. Kisiwa cha Pemba nacho kina kinengenenge wake peke yake.

Imekuwaje ndege mmoja kuwa na ndugu wengi hivi? Jibu limo katika ile tabia yao ya kusafiri pamoja. Kundi likipeperushwa na upepo hadi kisiwani, huwa limekwisha kuwa na madume na majike ya kutosha kuanza maisha. Mwaka 1856 vinengenenge wa Australia walionekana kwa wingi huko New Zealand, baada ya kuvuka bahari ya zaidi ya kilomita 1,500. Na wenyeji Wamaori wakawaita "tauhou", yaani wageni. Na milima yetu ya Afrika Mashariki ni kama visiwa: msitu wa baridi juu, na nchi kavu pande zote. Waliofika juu ya mlima walikaa humo vizazi vingi hata wakabadilika. Mwaka 2014 wataalamu waliopima damu na mbegu za urithi za ndege hao walitangaza kwamba kinengenenge wa mlima mmoja si lazima awe ndugu wa karibu wa yule wa mlima wa pili, hata kama wanafanana. Wengine wana udugu wa karibu zaidi na ndege wa nchi ya chini. Hivyo msitu wa mlima mmoja ukikatwa, haifai kusema, "Wako wengine kule." Huenda hawako.

MITI YA TUALA

Kinengenenge wa Tuala hayumo hatarini kama ndugu yake wa Taita. Bado ni wengi, hata katika bustani za Nairobi. Lakini wingi wake watoka katika miti. Tangu ranchi ya jamii ya Kitengela ilipogawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, ardhi nyingi ya pande hizo imekatwa vipande, ikazungushiwa nyaya na kujengwa. Migunga mingine imekwenda katika makaa, na mingine imeng'olewa kwa sababu mwenye ploti alitaka kuona kiwanja cheupe. Mgunga mmoja mkubwa huchukua miaka mingi kukua, lakini shoka huumaliza kabla ya chai ya saa nne.

Si lazima nyumba na miti zigombane. Mwenye kujenga aweza kuacha migunga mitatu minne mahali ambapo haizuii msingi wala nyaya za umeme. Badala ya waya mtupu aweza kupanda ua wa mimea. Aweza kuweka sufuria pana yenye maji kidogo mahali ambapo paka hafiki, hasa katika miezi ya ukame. Aweza kuacha kunyunyizia sumu mpaka ahakikishe kwamba wadudu wamezidi nguvu za ndege. Na wazazi waweza kuwafundisha watoto kuweka manati chini, wakachukua daftari.

Wamasai wa zamani walikuwa na desturi kwamba vijana waliotoka kutahiriwa waliwinda ndege wadogo kwa mishale butu, na ngozi za ndege hao wakazivaa kichwani. Hakuna aliyeweza kuifanya kazi hiyo bila kuijua nyika na sauti za ndege wake. Ujuzi huo wa macho na masikio ni mali, na waweza kutumiwa leo bila mshale. Shirika la Nature Kenya, ambalo asili yake ni chama kilichoanzishwa mwaka 1909, lina matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi huko Nairobi, yaliyoanzishwa na Bi. Fleur Ng'weno mwaka 1971. Tena uko mpango uitwao Kenya Bird Map, ambao umeigawa nchi katika miraba yenye upande wa kilomita 9 hivi, na mtu ye yote aweza kupeleka orodha ya ndege aliowaona katika mraba wake.

MASWALI YA KUJIPIMA

Msomaji na ayajibu haya kabla ya kutoka nje, kisha ayahakikishe kwa macho yake:

1. Pete ya kinengenenge iko wapi, na ni nani kati yao asiyekuwa nayo?
2. Mdomo wa kinengenenge una tofauti gani na wa kwelea, na tofauti hiyo yaonyesha nini juu ya chakula chao?
3. Kundi la vinengenenge huhamaje kutoka mti hadi mti?
4. Kwa nini haifai kufyeka ua katikati ya mvua?
5. Katika ploti yako, au ya jirani yako, ni mti gani ambao ungeweza kuachwa usikatwe?

Swali la tano halina jibu katika ukurasa huu. Jibu lake limo uani, na linafaa kutafutwa kabla shoka halijanolewa.